Jinsi ya Kuuza Kalamu Yako kwa Kampuni za Gemu Usijulikane

Sogea karibu, ndugu yangu. Unataka kuandika habari za michezo ya video. Unataka kuicheza gemu kabla ya wenzako, usafirishwe, ulazwe hoteli nzuri, na jina lako lisomwe na maelfu. Juu ya yote hayo unataka kuitwa mwandishi huru. Inawezekana. Njia ipo, wengi wameshaipita Marekani na Uingereza, nami nitakupitisha hatua kwa hatua. Kila hatua nitakayokutajia inafanya kazi kweli. Nitakwambia pia ni nani anayelipa gharama, maana huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu: kijana aliyekusanya hela miezi kadhaa ili anunue gemu moja, akasoma ulichoandika, akakuamini.

1. Bahasha usiiguse

Bahasha ni ushahidi. Huku kwetu Afrika Mashariki waandishi wanaijua vizuri bahasha ya kaki ya "nauli", na wanajua jinsi inavyomfunga mtu mdomo. Kwenye gemu huna haja ya kufika huko. Badala ya fedha, pokea upendeleo. Pokea nakala ya bure inayokufikia wiki mbili kabla gemu haijaingia sokoni. Pokea mahojiano na mbunifu mkuu. Pokea mwaliko wa kwenda kuicheza gemu ofisini kwao. Hujavunja sheria yoyote, na kila kitu kina sababu ya kikazi, kwa sababu mchezo wa saa arobaini hauhakikiwi kwa usiku mmoja.

Halafu tulia uone upendeleo huo unavyofanya kazi. Uhakiki unaosomwa ni ule unaotoka siku ya kwanza. Wa wiki ya pili unakuta watu wameshahama. Kampuni haihitaji kukutisha. Inatosha wewe ujue kwamba safari ijayo nakala inaweza isije. Sentensi kali zitaanza kupungua zenyewe, na utaamini kwa moyo mweupe kwamba umekomaa.

2. Wauzie matangazo unaowahukumu

Hapa ndipo penye nguvu kubwa, basi tukae kidogo.

Novemba 2007 tovuti ya GameSpot ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya Kane & Lynch: Dead Men, gemu iliyotolewa na kampuni ya Eidos. Jeff Gerstmann, mhariri aliyekuwa pale tangu miaka ya 1990, aliicheza gemu hiyo na kuipa alama 6.0 kati ya 10. Msomaji alifungua ukurasa akaona juu na pembeni sura za wahusika wa gemu zikimwita anunue, na katikati mtu anamwambia kwamba gemu yenyewe ni ya kawaida tu. Mwezi huohuo Gerstmann akafukuzwa kazi.

Wasomaji walikasirika, na baadhi ya wafanyakazi wenzake wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Lakini sababu rasmi haikutoka, kwa kuwa makubaliano ya kuachana yalimzuia kusema. Alianzisha tovuti yake, Giant Bomb, mwaka 2008. Machi 2012 kampuni iliyokuwa inamiliki GameSpot ikainunua Giant Bomb, na hapo ndipo alipoachiwa aeleze: watangazaji walikuwa wamelalamikia alama, na wakubwa wapya wa pale, ambao hawakuwa na uzoefu wa kukabiliana na shinikizo la aina hiyo, wakasalimu amri.

Ukiwa mhariri au mwenye chombo, shika hili. Huna haja ya kumwita mwandishi ofisini na kumwambia aandike nini. Mwondoe mmoja tu. Waliobaki watajipunguzia ukali wenyewe, kila mmoja mezani kwake, na hakuna barua itakayopatikana siku ikija tume ya kuchunguza.

3. Tia saini, kisha tii saa uliyopewa

Utaletewa karatasi ya zuio. Inasema: tunakupa gemu mapema, nawe huchapishi neno kabla ya saa fulani ya siku fulani. Kwa asili yake zuio si baya. Linampa kila mhakiki muda wa kumaliza, asishindane kukimbia. Kwa hiyo likubali bila wasiwasi, ila usiulize saa hiyo imewekwa kwa faida ya nani.

Assassin's Creed Unity ya Ubisoft ilitoka Marekani tarehe 11 Novemba 2014. Zuio lilikuwa mpaka saa sita mchana kwa saa za New York. Waliokesha kusubiri kuinunua usiku wa manane walicheza saa kumi na mbili kabla mhakiki hata mmoja hajaruhusiwa kufungua kinywa. Wengine walikutana na sura zisizo na ngozi, macho mawili na meno yakielea ndani ya nywele. Waandishi waliokuwa na nakala wangeweza kuwaonya, lakini walikuwa wametia saini. Mkuu wa studio ya Ubisoft mjini Montreal aliomba radhi baadaye mwezi huohuo, na sehemu ya nyongeza iliyokuwa iuzwe ikatolewa bure. Radhi iliombwa kwa hitilafu. Zile saa kumi na mbili mteja alishazilipia.

Miaka sita baadaye mambo yaliboreshwa. Desemba 2020, kabla ya Cyberpunk 2077 kutoka, kampuni ya CD Projekt iliwapa wahakiki nakala za kompyuta tu. Waliokuwa na PlayStation 4 na Xbox One, mashine zilizokuwa zimejaa majumbani mwa watu, hawakupata uhakiki wowote. Tena wahakiki hawakuruhusiwa kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe. Walipewa vipande vilivyoandaliwa na kampuni, safi, visivyo na kasoro. Alama zikatoka juu sana. Watu milioni nane walikuwa wameshalipia kabla. Gemu ilipofika mikononi tarehe 10 Desemba, kwenye mashine za zamani iliganda, ikazimika, watu ndani yake wakapita ukutani. Wiki moja tu baadaye Sony iliiondoa dukani kwake na kurudisha fedha za wateja.

Wapo wahakiki waliomwambia msomaji wazi, ndani ya uhakiki wenyewe: sijaiona kwenye PlayStation 4, na picha hizi sikuzipiga mimi. Ni sentensi mbili tu. Ukitaka kuifuata njia yangu, sentensi hizo usiziandike, maana zinamwokoa mnunuzi na zinakuharibia safari ijayo.

4. Jifiche nyuma ya namba

Msomaji mwenye haraka hasomi, anatafuta namba. Mpe nane. Nane haimuudhi mtu. Andika aya kumi za mashaka ukipenda, mradi chini iwepo nane, na tovuti ya Metacritic itaichukua nane hiyo, itaichanganya na za wenzako, na mashaka yako yote yatayeyuka.

Na dhamiri ikikusumbua, kumbuka habari ya Fallout: New Vegas ya mwaka 2010. Studio ya Obsidian ndiyo iliyoitengeneza, na Bethesda ndiyo iliyoitoa. Kwa maelezo aliyoyatoa hadharani mmoja wa viongozi wa Obsidian, Chris Avellone, mwaka 2012, studio ililipwa kwa mkupuo, na bonasi ingekuja tu kama wastani wa Metacritic ungefika 85. Ulifika 84. Pointi moja. Ukilijua hilo utakuwa na kisingizio kizuri sana cha kuongeza alama: nawaonea huruma mafundi. Mimi pia nawaonea huruma, sana. Lakini aliyefunga ujira wao kwenye wastani wa maoni ya wageni ni yule aliyeandika mkataba, na ukimpandishia alama unamsaidia aandike mwingine wa namna hiyo.

5. Ukiwa mtu wa video, ficha ukweli mahali panapohitaji kubofya

Hapa fedha ni taslimu na aibu ni ndogo. Kampuni inakulipa ucheze gemu yake mbele ya wafuasi wako huku unacheka na kushangaa. Sheria ya Marekani inataka useme kwamba umelipwa. Basi sema, lakini sema pale chini ya video, ndani ya maelezo, baada ya mistari kadhaa, mahali ambapo mtazamaji hapaoni mpaka abofye "onyesha zaidi". Mtoto wa miaka kumi na mbili anayetazama kwenye simu habofyi.

Sikubuni. Mwaka 2014 Warner Bros., kupitia kampuni ya matangazo, iliwalipa watu maarufu wa YouTube waisifie Middle-earth: Shadow of Mordor. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara na kulinda walaji ililichunguza jambo hilo na kulimaliza kwa makubaliano Julai 2016. Kwa mujibu wa tume, malipo yalianzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu. Walielekezwa waisemee gemu vizuri na wasionyeshe hitilafu. Tamko la malipo walielekezwa waliweke kwenye kisanduku cha maelezo badala ya ndani ya video. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5, na milioni 3.7 kati ya hizo zilikuwa za mtu mmoja tu, PewDiePie. Warner haikutozwa hata senti. Iliahidi kutorudia.

Ukiwa na ujasiri zaidi, kuwa mmiliki wa kile unachokisifia. Trevor Martin na Thomas Cassell, nao watu wa YouTube, walijirekodi wakishinda kwenye tovuti ya kamari ya CSGO Lotto, wakawashawishi vijana waende wakajaribu bahati, bila kusema kwamba tovuti ni yao. Kesi yao mbele ya tume hiyohiyo iliisha Septemba 2017, nayo bila faini. Mimi nikiisoma hasira hupanda kila mara, kwa sababu waliowatazama wengi wao walikuwa vijana wadogo mno kuingia kasino yoyote.

6. Anayekutaja, mtajie mwanasheria

Oktoba 2012 ilisambaa picha ya mtangazaji Geoff Keighley amekaa kwenye mahojiano, kando yake bango la Halo 4 na meza ya soda za Mountain Dew na pakiti za Doritos. Mwandishi wa Uingereza Robert Florence aliitumia picha hiyo kwenye makala yake ya Eurogamer kuuliza swali kubwa zaidi: kwa nini waandishi kwenye hafla ya tuzo zao wenyewe walikuwa wanasambaza hashitagi ya gemu mpya ya Tomb Raider ili wajishindie PlayStation 3? Akanukuu wachache waliojitetea hadharani kwamba hawaoni kosa.

Mmoja wao alilalamika. Sheria za kashfa za Uingereza wakati huo zilikuwa kali kwa mchapishaji, na Eurogamer ikaondoa sehemu ile ya makala. Florence akaacha safu yake. Kwa hiyo usipoteze muda kujibu hoja, tuma malalamiko. Kitakachokusumbua ni kimoja tu: makala ambayo ingesomwa siku mbili ikasahaulika ilisomwa na kila mtu mwenye habari na gemu.

7. Watu wakidai maadili, waonyeshe mtu asiye na fedha

Hii ndiyo hatua kuu, nami naiandika kwa uchungu.

Siku itafika wasomaji watachoka. Watasema wameuziwa uongo, na watakuwa na haki, kwa sababu umeshaona mwenyewe yaliyotangulia. Hasira hiyo ni ya kweli na lazima iende mahali. Usiiache ifike kwenye ofisi za matangazo. Itafutie mtu mmoja, wa pembeni, ikiwezekana mwanamke, asiye na kampuni nyuma yake.

Mwaka 2013 Zoë Quinn alitoa Depression Quest, mchezo mfupi wa maandishi kuhusu mtu anayeishi na sonona. Ulikuwa wa bure. Agosti 2014 aliyewahi kuwa mpenzi wake alichapisha maelezo marefu ya maisha yao ya faragha, na humo watu wakatoa tuhuma kwamba Quinn alipata uhakiki mzuri kwa kuwa na uhusiano na Nathan Grayson wa Kotaku. Mhariri wa Kotaku, Stephen Totilo, alilifuatilia na kujibu hadharani: Grayson hakuwahi kuuhakiki mchezo huo. Uhakiki uliodaiwa kununuliwa haukuwepo. Mwisho wa mwezi mwigizaji Adam Baldwin akaibandika kadhia hiyo hashitagi ya GamerGate, na jibu la Totilo halikumzuia mtu tena.

Kilichofuata kinajulikana. Quinn alitishiwa kuuawa, akahama nyumba yake. Oktoba mtengeneza gemu Brianna Wu naye alikimbia kwake baada ya vitisho vilivyotaja anwani yake. Mwezi huohuo mhakiki Anita Sarkeesian alifuta hotuba yake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Kulikuwa na barua iliyotishia mauaji ya halaiki kwa bunduki, na polisi walisema sheria ya jimbo haiwaruhusu kuzuia watu wenye vibali kuingia ukumbini na silaha.

Kulikuwa na watu waliodai maadili kwa nia safi, na wapo waliopata walichodai: vyombo kadhaa vilikaza masharti ya kutangaza urafiki na fedha, na Kotaku iliwazuia waandishi wake kuwachangia watengeneza gemu kupitia Patreon. Hayo ni mema. Lakini tazama kalenda. Shadow of Mordor ilitoka tarehe 30 Septemba 2014, na fedha za Warner zilikuwa zinagawiwa majuma hayohayo. Zuio la Unity lilikuwa Novemba 2014. Kila kitu ambacho mtu mwenye uchungu na maadili angekitafuta kilikuwa kinatendeka wakati uleule, na mikataba yake ikiwa na saini. Baadhi ya wachambuzi waliyasema ya Warner Oktoba ileile. Ni wachache waliowasikiliza ukilinganisha na kelele zilizomwandama mtu aliyegawa mchezo bure.

Hivi ndivyo ilivyofanya kazi, na ndivyo itakavyofanya kazi tena ukitaka. Tangu hapo neno maadili likitajwa kwenye habari za gemu watu wengi hukumbuka kwanza vitisho, na mwenye swali la halali kuhusu matangazo huanza kwa kujitetea kwamba yeye si mmoja wa wale. Kampuni hazikulipa senti kupata ulinzi huo.

8. Usiulize kilichomo ndani ya studio

Hili ni fupi kulieleza na gumu kulitii. Andika kuhusu gemu, usiandike kuhusu kampuni. Ukipewa siri usiitoe. Kotaku ilichapisha habari za Fallout 4 mwaka 2013 na za Assassin's Creed mpya mwaka 2014 kabla wenyewe hawajatangaza. Bethesda na Ubisoft zikaacha kuijibu: barua pepe kimya, nakala hakuna, mialiko hakuna. Novemba 2015 Totilo aliwaeleza wasomaji wake wazi kwa nini uhakiki wao wa gemu hizo unachelewa. Umeona bei yake.

Na zaidi ya siri, usiwatafute wafanyakazi. Agosti 2018 Cecilia D'Anastasio wa Kotaku alichapisha uchunguzi kuhusu jinsi wanawake walivyokuwa wanatendewa ndani ya Riot Games, waliotengeneza League of Legends. Alikuwa amezungumza na watu 28 waliowahi kufanya kazi au waliokuwa bado wanafanya kazi pale. Namna hiyo ya kazi haina nakala ya bure wala safari. Ni simu usiku, ni mtu anayesema kisha anakupigia asubuhi kuomba jina lake lifutwe, ni kuhakikisha kila neno mara ya pili na ya tatu. Miezi michache baadaye wanawake walifungua kesi. Mwaka 2019 ilikaribia kumalizwa kwa dola milioni 10, serikali ya California ikasema kiasi hicho ni kidogo mno. Desemba 2021 Riot ilikubali kulipa milioni 100.

Kwa hiyo ukiamua kuishi kwa mwongozo huu, habari za namna hiyo zipishe. Na kama umeshaanza kupiga simu ya kwanza, basi hatua zangu nane hazikufai tena. Piga ya pili.